Farasi 200 Wakifika Nanighi

Njia za Nanighi, kando ya Mto Tana kati ya Garissa na Hola, zina hali mbili: vumbi na tope. Kiangazi, vumbi laini kama unga huingia hata kwenye nguo zilizofungiwa sandukuni. Mvua ikinyesha, udongo wa bonde la mto hunata na gari huanza kuogelea. Pembeni imejaa miti ya mathenge, iliyoletwa Bura miaka ya 1980 ili watu wa mradi wa unyunyizaji wapate kuni, na leo imeziba malka, yaani njia za mifugo kwenda mtoni, na malisho. Mwiba wake hutoboa tairi kama sindano ya kushonea magunia. Katika njia hizi pikapu ndiyo ambulansi, ndiyo inayopeleka mbuzi soko la Garissa, ndiyo ya harusi na ndiyo ya mazishi.

Kwa hiyo mtu anapotaka kuuza Hilux yake kuukuu ili anunue pikapu mpya yenye mbio, swali lake ni zito: je, hii mpya itaniacha njiani?

Tuanze na nguvu yenyewe. Hilux nyingi za zamani zilikuja na injini ya dizeli ya lita 3 inayoitwa 5L. Haina tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya silinda, na nguvu yake haifiki farasi 100. Hilux ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2020 ina farasi 204. Ford Ranger Raptor, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilitoa farasi 213 kwa injini ya lita 2 tu, ikisaidiwa na tabo mbili na gia 10. Injini imepungua, nguvu imezidi maradufu. Nguvu hiyo imetoka wapi?

Imetoka kwenye tabo, na kwenye presha ya dizeli. Nozo ya injini ya zamani hufunguka kwa presha ya takriban bar 150. Mfumo wa Hilux ya lita 2.8 hufikia bar 2,200. Tairi la pikapu lina bar mbili au tatu, kwa hiyo ni kama kubana presha ya tairi karibu mara 1,000. Dizeli inayopita kwenye tundu dogo kwa presha hiyo hutoka kama ukungu, huungua vizuri, hutoa nguvu nyingi na moshi kidogo. Hapo wahandisi wamestahili sifa. Lakini ili presha isivuje, vyuma vinavyoteleza ndani ya nozo vimeachiana nafasi ya mikroni chache tu, na unywele wa binadamu una takriban mikroni 70. Chembe ya vumbi ambayo 5L ingeimeza ikakohoa na kuendelea, humu inakwangua chuma kama msasa. Tone la maji nalo huleta kutu pale pasipotakiwa hata doa.

Isitoshe, vyuma hivyo havina mafuta mengine ya kuvilainisha. Dizeli yenyewe ndiyo grisi yao. Muuzaji akichanganya dizeli na mafuta ya taa, ulaini hupungua na pampu huanza kujila. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa tamaa ya kuchanganya, na mwaka 2015 dizeli ya Afrika Mashariki ilianza kutakiwa isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Hatua zote mbili ni nzuri. Hata hivyo, mafuta yanayouzwa kwenye mitungi kando ya barabara yamepitia mikono mingi. Chukua chupa safi ya maji ya kunywa, ijaze dizeli hiyo, iache kivulini saa nzima bila kuitikisa, kisha iinamishe polepole ukitazama kitako. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo utaona shanga zake zikibiringika chini, na mchanga ukizifuata. Ukiona hivyo, usimimine. Saa moja ya kusubiri ni nafuu kuliko seti ya nozo.

Sasa njoo kwenye hesabu za kutegemeka. Chukua mnyororo wa vipuri 20, kila kimoja kikiwa na uhakika wa asilimia 99 kwamba hakitaharibika mwaka huu. Kama gari linahitaji vyote 20 ndipo liende, uhakika wa mnyororo mzima ni 0.99 iliyozidishwa yenyewe mara 20, yaani takriban asilimia 82. Kila sensa inayoweza kuzima injini ni pete nyingine kwenye mnyororo. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana kila kipuri cha sasa hufanywa kiwe bora kuliko cha jana, na kwa jumla magari mapya huharibika mara chache kuliko babu zao.

Lakini kuharibika mara chache hakutoshi. Tuseme pikapu kuukuu inaharibika kila baada ya siku 60, na fundi wa hapo hapo anaitengeneza kwa siku moja. Kwa miaka miwili imelala siku 12. Tuseme mpya imeharibika mara moja tu katika miaka hiyo miwili, ila kompyuta yake imekataa kuwasha injini, ikavutwa hadi Garissa, ikabebwa Nairobi, takriban kilomita 370 nyingine, ikangoja spea kutoka nje. Siku 45 zimekwisha. Iliyoharibika mara moja imekosekana zaidi kuliko iliyoharibika mara 12. Ndiyo maana Land Cruiser ya lita 4.2 isiyo na tabo, inayounganishwa Mombasa, bado inapendwa sana kaskazini na mashariki mwa Kenya. Wanaoing'ang'ania si washamba. Wamepiga hesabu hii kwa miaka mingi barabarani.

Usitegemee jina pekee, pia. Pikapu nyingi za dizeli zinazouzwa kwenye nchi zenye sheria kali za moshi zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Likijaa, hulazimika kuyachoma masizi hayo kwa joto la takriban nyuzi 600. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro katika magari 264,170 ya Hilux, Fortuner na Prado yaliyouzwa kati ya 2015 na 2020. Hiyo ni Toyota, na huko kuna lami. Kwetu gari linalotambaa kwa gia ya pili kutwa nzima halipati joto la kutosha kujisafisha. Kenya inaruhusu kuingiza gari lililotumika nje lisilozidi miaka minane, basi kabla ya kulipa uliza kama lina chujio hilo.

Raptor nayo imeumbwa kwa kuruka matuta, na springi zake laini zina gharama: hubeba chini ya kilo 800, wakati Ranger za kawaida hubeba takriban tani moja. Mbuzi na magunia ya maembe hawajali mbio.

Kwa upande wa maji, Raptor imetangazwa kuvuka kina cha milimita 850. Kipimo hicho ni cha maji yaliyotulia. Maji ya Tana yanasukuma. Aprili 2024 basi lilisombwa na mafuriko karibu na Madogo, na abiria wake wakaokolewa. Hata kwenye kina kifupi, ekseli yenye moto ikizama ghafla, hewa ndani yake hunywea na kufyonza maji kupitia sili, hasa kama kipumulio kimezibwa na tope. Baada ya kuvuka, fungua nati ya difu utazame oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo.

Simkatazi mtu gari jipya. Breki zisizokwama, mifuko ya hewa na mitambo inayozuia gari kuserereka huokoa watu kwenye barabara hii, na mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Hola anastahili gari la namna hiyo. Ninachoomba ni jambo moja kabla Hilux kuukuu haijauzwa. Mpelekee fundi wako hiyo mpya, mfungulie boneti, umwombe aguse kimoja kimoja kila anachoweza kukitengeneza kwa mikono yake na spea za Garissa. Vile atakavyovitazama bila kuvigusa, viandike kwenye karatasi, na bei yake uijumlishe kwenye bei ya gari.