Mnyama na Nyama: Maneno ya Kiswahili Katika Swali la Akili na Hadhi ya Wanyama

Katika sarufi ya Kiswahili ipo kanuni moja ambayo kila mwanafunzi hufundishwa mapema: jina la kiumbe, awe mtu au mnyama, hata likiwa la ngeli nyingine kwa umbo lake, hufuata upatanisho wa M-WA. Twasema kifaru amelala, vifaru wamelala, tembo huyu, tembo hawa, nzi ametua. Makusudi ya makala haya si kuieleza kanuni hiyo upya, bali kuuliza ina uzito gani leo, wakati wanafalsafa, wanasheria na wachunguzi wa tabia za wanyama wanapobishana kama mnyama ana akili, na kama anayo, anastahili hadhi gani mbele ya sheria na dola. Ubishi huo huandikwa sana kwa Kiingereza. Mwenye kuufasiri kwa Kiswahili hukutana na maneno ambayo yana maoni yake tayari, na asipoyapima atasema jambo asilolikusudia.

I. Mpaka wa upatanisho

Yafaa kwanza kuutazama mpaka wenyewe. Kanuni haiangalii akili: mbu na nyani, mtoto mchanga na mzee mwenye hekima, wote ni a- na wa-. Mti nao hukua, huzaa na kufa, lakini haumo. Basi mpaka si uhai peke yake, bali uhai wenye pumzi na mwendo.

Tena mpaka huo una nyufa. Katika majina ya ngeli ya N, viambishi vya kumiliki huweza kubaki na umbo la ngeli yake. Wengi husema ng'ombe zangu wamepotea, ambapo kitendo ni cha M-WA lakini kimilikishi sicho. Mtu asidhani kuwa hiyo ni dalili ya mnyama kuhesabiwa mali, kwani twasema vilevile ndugu zangu wamefika. Mnyama akidunishwa au akikuzwa huweza kutolewa katika safu ya viumbe: kijibwa kile kinabweka, joka lile limejificha. Vijidudu vya maradhi, visivyoonekana kwa macho, mara nyingi husemwa kama vitu: vijidudu hivi vinaenea. Kwa upande mwingine, kuku aliyekwisha chinjwa bado huitwa kuku huyu sokoni. Akishakatwa vipande ndipo anapogeuka kuwa nyama hii.

Nyama hii ndiyo nusu ya pili ya habari. Shina -nyama ni la kale katika lugha za Kibantu, na maana zake mbili, kiumbe na kitoweo, zaonekana katika lugha nyingi za jamaa hiyo. Kiswahili cha leo kimezitenga kwa kiambishi: mnyama ni kiumbe, nyama ni chakula. Hivyo neno moja labeba misimamo miwili. Kiambishi chamweka mnyama pamoja na watu, na shina lamweka jikoni.

Faida ya kanuni yetu yaonekana tukilinganisha na Kiingereza. Jane Goodall, aliyeanza uchunguzi wake huko Gombe, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1960, alisimulia jinsi mhariri alivyoibadilisha makala yake ya awali ya kitaalamu: palipokuwa na kiwakilishi cha mume au cha mke kwa ajili ya sokwe, mhariri alitia kile cha kitu. Goodall alikataa, akavirudisha viwakilishi vyake. Mwandishi wa Kiswahili asingalipata ugomvi huo, kwa kuwa sokwe ameketi ndiyo namna ya kawaida ya kusema. Lakini tusijisifu upesi. Jambo linalolazimishwa na sarufi si ushahidi wa imani. Mtu asemaye punda amechoka, kisha akamwongezea mzigo, hajavunja kanuni yoyote ya upatanisho. Na wahenga wetu hawakuona haya kusema, punda afe, mzigo wa bwana ufike.

II. Akili, silika na fahamu

Mambo ya ndani ya kiumbe yana majina mengi kwetu: akili, fahamu, hisia, utashi, nafsi, roho, moyo. Katika maandishi yetu mengi mtu hupewa akili na mnyama huachiwa silika, yaani mwelekeo wa kuzaliwa nao. Ubaya wa mgawanyo huu si kwamba silika haipo. Ubaya ni kuwa neno lajibu swali kabla halijaulizwa. Lugha ya methali haikugawa hivyo. Isemwapo, mbwa hafi maji akiona ufuko, mbwa amepewa kuona, kutumaini na kujitahidi, yote kwa pumzi moja.

Ushahidi mwingi wenye kutikisa mgawanyo huo umepatikana Afrika ya Mashariki. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya tumbili wa Amboseli, Kenya. Tumbili hao wana milio mbalimbali ya kuonyana: mmoja kwa chui, mmoja kwa tai, mmoja kwa nyoka. Wachunguzi waliinasa milio hiyo na kuipiga kwa mashine pasipo adui yeyote karibu. Kwa mlio wa chui tumbili walipanda mitini. Kwa mlio wa tai walitazama juu au wakakimbilia vichakani. Kwa mlio wa nyoka walisimama wakaangalia chini. Basi mlio haukuwa kelele ya hofu tu, bali ulieleza hofu ya nini.

Habari ya tembo yawahusu wanaisimu zaidi. Mwaka 2024 Michael Pardo na wenzake walichapa uchunguzi wa milio 469 ya tembo wa Samburu na Amboseli. Kwa kutumia kompyuta waliweza kumtambua tembo aliyeitwa katika milio 27.5 kwa kila 100, hali kubahatisha kungalitoa kama 8 tu. Kisha waliwapigia tembo 17 milio iliyonaswa. Walipofikiwa na mlio uliokuwa wao walijibu kwa nguvu zaidi kuliko walipofikiwa na mlio wa mwingine. Wachunguzi wakaona kuwa tembo huitana kwa kitu kama jina. Je, tuseme jina? Kwa desturi yetu simba hunguruma, mbwa hubweka, jogoo huwika, na jina hutamkwa na mtu. Hata hivyo kitenzi kulia tumekiacha kwa wote, mtoto na mbuzi pia. Mfasiri mwangalifu ataandika mlio wa kumwita fulani, na kumwachia msomaji aamue kama tofauti yake na jina ni ya asili au ya kiasi.

Mwezi Aprili 2024 lilitolewa tamko huko New York, ambamo wanasayansi na wanafalsafa walisema kuwa upo ushahidi wenye nguvu wa fahamu katika mamalia na ndege, na kwamba katika viumbe wengine wenye uti wa mgongo, na hata pweza, kaa na wadudu, jambo hilo lawezekana kwa kiasi cha kutopuuzwa. Nasema fahamu kwa makusudi. Daktari husema mgonjwa amepoteza fahamu, wala hasemi amepoteza akili. La pili ni wazimu. Fahamu ni kule kuwapo ndani, kuona na kuumwa. Akili ni kupima na kuamua. Tamko lahusu fahamu. Mwenye kulifasiri kwa akili atawafanya wasomaji wacheke, na kicheko hicho kitakuwa kosa la mfasiri.

III. Hadhi

Hapa twaingia katika siasa. Katika tamko lake la Arusha la Septemba 1961 juu ya wanyama wa porini, Julius Nyerere aliahidi kuwatunza ili wajukuu wa wananchi wapate kurithi hazina hiyo. Huo ni wajibu mzito, lakini ni wajibu kuhusu wanyama. Wenye kudai ni wajukuu. Wajibu kwa mnyama mwenyewe ni jambo jingine. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 yakaribia huko, kwani yamkinga mnyama na mateso hata kwa mkono wa mwenye mali. Ila mali bado ni mali.

Wengine wataka kwenda mbali zaidi. Sue Donaldson na Will Kymlicka, katika kitabu chao cha mwaka 2011, walipendekeza kuwa wanyama wafugwao wahesabiwe raia, wa porini wawe kama mataifa yenye mamlaka juu ya makao yao, na wale wanaoishi kati yetu bila kufugwa wawe wakazi. Maneno haya yafasirika, lakini yajaribiwe kwa jambo halisi. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, akaenea pwani yote. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza nia ya kuwaua kunguru hao milioni 1. Je, mkazi aliyeletwa na watu, naye awaangamiza ndege wenyeji, ana dai gani? Neno mkazi halijibu, ila lafanya swali lisikike.

Mahakama nako neno ndilo kikwazo. Mwaka 2022 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 2, kuwa ndovu aitwaye Happy, aliyefungiwa katika bustani ya wanyama, si mtu wa kuweza kudai uhuru kwa njia ya hati iliyowekwa kwa binadamu. Mwanasarufi wa Kiswahili ataona ajabu moja. Sheria yaiita kampuni mtu wa kisheria, nayo kwa upatanisho ni kitu: kampuni imefilisika. Ndovu kwa upatanisho ni kiumbe, na sheria yamkatalia. Sisemi kuwa sarufi yapasa kuamua kesi. Nasema kuwa neno mtu katika sheria limekwisha achana na mwili wa binadamu zamani, na ubishi uliobaki ni wa kuchagua nani aingie.

Lipo pingamizi lisilopasa kupuuzwa. Katika nchi zetu wanyama wamewahi kupewa nafasi kwa kuwaondoa watu: mwaka 1959 Wamasai walitolewa Serengeti ili pabaki hifadhi. Tena mtu aliyepata kuitwa mnyama au hayawani na wenye kumtawala hawezi kufurahia upesi falsafa ya kufuta mpaka. Neno hayawani, ambalo kwa Kiarabu limejengwa juu ya uhai, kwetu limekuwa tusi. Jibu lililo la haki ni kuwa hadhi si kitoweo kinachopungua kikigawiwa. Lakini jibu hilo litaaminika tu pale ambapo gharama ya hadhi ya mnyama haitwishwi maskini peke yake.

Kwa wafasiri, basi, napendekeza mambo matatu. Fahamu itumike kwa hali ya kuhisi na kujua, na akili ibaki kwa kupima. Silika isitiwe mahali ambapo uchunguzi haujaithibitisha. Na wajibu kwa wanyama usichanganywe na wajibu kuhusu wanyama. Neno unyama litazamwe pia: kwa Kiswahili ni ukatili, na mtendaji wake katika mifano yetu yote ni binadamu. Chui akimla mbuzi hatusemi kuwa ametenda unyama. Lugha yajua, basi, kuwa lawama haimfikii mnyama. Na tunapouliza kama yeye ana utu, swali la kwanza ni kama sisi tunao tunapokuwa naye.