Hatua Saba Hadi Chooni

Mama mkubwa alianguka alfajiri, akitoka kutawadha. Hakupiga yowe. Tulimkuta amekaa sakafuni kando ya ndoo, mguu wa kulia umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Tulipoinama kumwinua alisema, "Wanangu, maumivu nitayavumilia. Pampasi msinivalishe."

Mguu uliofupika na kugeukia nje humpa daktari nusu ya habari kabla ya eksirei: nyonga imevunjika. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe cha nyonga, na chini ya kichwa hicho kuna shingo nyembamba. Kwa mzee ambaye mifupa imemomonyoka, hasa mwanamke aliyekoma hedhi miaka mingi, kuteleza tu kunatosha kuikata. Mishipa mingi inayokilisha kichwa hupita hapo hapo shingoni. Ikichanika, kichwa kinaweza kufa hata mfupa ukiungwa vizuri, ndiyo maana mara nyingi madaktari hukitoa wakaweka cha bandia. Mfupa ukivunjikia chini ya shingo, damu bado inafika, na vyuma hutosha kuushika.

Hayo mafundi wake wanayajua vyema. Kilichotushinda sisi ni kitanda.

Operesheni ilisubiri siku tisa. Siku zote hizo, na nyingine nyingi baada yake, tulimpenda kwa namna tuliyoijua: tulimlisha kwa kijiko, tukamwambia "Mama, pumzika," tukamgombeza akijaribu kukaa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 12 wenye afya, wasio na jeraha lolote, waliolala kitandani siku 10 tu. Kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Nilipoyasoma nilikumbuka mapaja ya mama mkubwa yalivyokuwa yakipwaya ndani ya kanga, nasi tukidhani ni uzee.

Kulala huleta na mengine: nimonia, vidonda vya kulalia, damu kuganda miguuni, kuchanganyikiwa. Siku ya nne alimwita marehemu mumewe aje afunge mbuzi. Katika nchi zenye takwimu za uhakika, takriban mzee 1 kati ya 4 au 5 aliyevunjika nyonga hafikishi mwaka, na wengi wa waliobaki hawaurudii mwendo wao wa zamani.

Je, haraka inasaidia? Utafiti mkubwa wa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa 2,970 katika nchi 17, ulilinganisha waliopasuliwa ndani ya saa 6 hivi na waliosubiri kama saa 24. Vifo havikutofautiana sana. Lakini kwa waliowahi kuchanganyikiwa kulikuwa nadra zaidi, wakasimama mapema, wakarudi nyumbani mapema. Kwangu hilo si jambo dogo. Mwaka 2000 watafiti wa Australia waliwauliza wanawake 194 wenye umri wa miaka 75 na zaidi wanaionaje nyonga iliyovunjika vibaya, ikamwacha mtu hawezi kujitegemea hadi apelekwe nyumba ya wazee. Asilimia 80 walisema afadhali kufa. Mama mkubwa hakuwahi kuhojiwa na mtafiti yeyote, ila jibu lake alilitoa sakafuni, kabla hatujamwinua.

Huko Trondheim, Norwei, wazee 397 waligawanywa: wengine wadi ya kawaida ya mifupa, wengine wadi ya madaktari wa wazee walioangalia pia chakula, dawa, akili na mazoezi tangu siku ya kwanza. Matokeo yalitoka mwaka 2015: miezi minne baadaye, kundi la pili lilitembea vizuri zaidi. Miezi hiyo minne ina thamani, maana sehemu kubwa ya nafuu hupatikana humo. Na wazee wengi wanaruhusiwa kuikanyagia nyonga iliyotengenezwa kesho yake tu. Sisi tulimzuia wetu wiki tatu.

Aliyetuzindua ni binti wa fiziotherapia.

"Shikamoo bibi. Leo tunasimama."

"Marahaba, mwanangu. Nitaanguka tena."

"Nikiwepo huanguki."

Alimsogeza ukingoni mwa kiti, akamrudisha visigino nyuma ya magoti, akamwambia ainamishe kifua mbele mpaka uzito uingie nyayoni, kisha asukume mikono ya kiti. Wengi wetu tungemvuta kwa makwapa. Akiinama hivyo, mapaja yaliyochoka hupunguziwa kazi, na mzee huinuka mwenyewe. Alisimama akitetemeka, akahesabu mpaka kumi, akakaa. Kesho yake hatua mbili na fremu.

Mwezi wa tatu aliondoka kitini bila kutuita. Kutoka pale hadi chooni ni hatua saba, na tulikuwa tumefunga bomba la kushikia ukutani na kuondoa kile kijizulia cha mlangoni. Nilimfuata nyuma, mikono tayari. Alipofika aligeuka akanitazama mpaka nikarudi nyuma, akaingia, tukasikia komeo.