Kilo Ishirini Zimeenda Wapi?

Mtoto wa hapa kwetu Mogogosiek hutegwa kwa lugha mbili. Shuleni ni "Kitendawili!" na darasa zima linaitikia "Tega!" Nyumbani, kwa Kikalenjin, anayetega huanza na "Tangoch!" Vitendawili vya Wanandi, ndugu wa lugha wa Wakipsigis wa huku kwetu, vilishachapishwa mwaka 1909 katika kitabu cha A. C. Hollis, *The Nandi*.

Kwa Kiswahili, anayeshindwa hutozwa mji. Wala si mji wowote tu: mtegaji hukataa vijiji, akang'ang'ania Mombasa au Nairobi, akipewa hujitapa kwanza ndipo ategue.

Nyumba yangu haina mlango. Ni yai, unalijua. Lakini mara ya kwanza ulinaswa na neno "nyumba": akili ilikimbilia kuta na mabati, kuku akakupita nyuma ya mgongo.

Chemshabongo ya hesabu hunasa vivyo hivyo. Majani mabichi yakifika kiwanda cha chai cha Mogogosiek, kwanza hunyaushwa: hutandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zikipuliza hewa kutoka chini, mpaka jani lilegee, ulikunje lisikatike. Tuseme jioni yametandazwa kilo 100, na asilimia 80 ya uzito huo ni maji. Asubuhi maji ni asilimia 75 ya uzito uliobaki. Je, yana kilo ngapi?

Wengi husema 95. Karani mmoja wa mizani, mtu anayesoma kilo kutwa, alinijibu hivyo hivyo kabla hajaweka kikombe chini.

Ni 80. Swali linataja maji, nawe unayakodolea macho maji, kumbe jibu liko kwenye kisichotajwa. Jani kavu lilikuwa kilo 20 jioni, na asubuhi ni kilo 20 zile zile. Ila jioni zilikuwa moja ya tano ya mzigo, na asubuhi zimekuwa robo. Kama 20 ni robo, mzigo wote ni 80. Asilimia tano za karatasini zimeondoka na kilo ishirini.

Endelea kukausha hadi maji yabaki asilimia 3, utatoka na kilo 20 na ushei. Hivyo ndivyo mzigo wa kumvunja mtu mgongo unavyogeuka pakiti chache.

Kama ulisema 95, nipe mji. Mogogosiek sitaki, ndiko niliko.