Kifaransa Mkononi: Michezo ya Video na Elimu ya Msamiati
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulibainisha ya kuwa mwanafunzi wa Bukama, ambaye nyumbani husema Kiluba, na sokoni na stesheni husema Kiswahili, aghalabu hakutani na Kifaransa ila ndani ya kuta za darasa. Na ijapokuwa sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 iliruhusu lugha za taifa na za mazingira zitumike katika madarasa ya mwanzo, lugha itakayomfikisha kwenye shahada yake, yaani lugha ya Examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, ni Kifaransa. Leo tunakusudia kukipima chombo ambacho wazazi wengi hukihesabu kuwa ni laghai na adui wa masomo, nacho ni mchezo wa video wa kushika mkononi. Rai yetu ni kwamba chombo hiki ni tajiri wa vitenzi na viungo vya lugha, bali ni fakiri wa majina ya vitu. Na mtu akitambua wapi kinapotoa na wapi kinaponyima, atapata kwacho faida isiyo haba.

Michezo hii si ya jana. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy mwaka 1989, kijisanduku cha kijivu kilichokwenda kwa betri nne ndogo, nacho kikafika Ulaya mwaka uliofuata. Mwaka 1999 watoto wa Ufaransa wakapata Pokémon Rouge na Pokémon Bleu kwa lugha yao wenyewe, michezo ambayo mchezaji husafiri kutoka mji hata mji, akisemeshwa na wenyeji, akielekezwa, akionywa na kuulizwa, na yote hayo kwa maandishi. Katika Bukama vyombo kama hivyo ni adimu, walakini simu zimeenea, na michezo ya namna ile imerithiwa na simu. Na katika simu nyingi, kubadili lugha iwe Kifaransa ni jambo la kubonyeza mara chache tu, bila ya gharama yoyote.

Ili tufahamu kwa nini tumedai kuwa mchezo ni tajiri wa vitenzi, hatuna budi kurejea uchunguzi mmoja mashuhuri. Katika miaka ya 1950 mwanachuoni Georges Gougenheim na wenziwe, wakitaka kujua ni maneno gani ya Kifaransa yampasayo mgeni kuanza nayo, walirekodi mazungumzo ya watu wa kawaida, wakahesabu maneno zaidi ya 300,000, na mwisho wakatoa orodha iliyoitwa Français fondamental, ambayo daraja yake ya kwanza haikuzidi sana maneno 1,400. Waliona kwamba viungo vya sarufi na vitenzi kama vile kwenda, kufanya, kutaka na kuweza hurudi tena na tena, watu wazungumzapo jambo lolote. Ama majina ya vitu, hata yale ambayo kila Mfaransa ayajua, hujitokeza pale tu mazungumzo yanapoangukia kitu chenyewe. Kwa hiyo iliwalazimu kuwaendea wanafunzi na kuwataka waandike majina 20 katika kila mlango wa maisha, kama vile nguo, vyakula na safari, ndipo wakayapata majina yale ambayo hesabu ya mazungumzo ilikuwa imeyaacha nje.

Basi tuutazame mchezo kwa jicho hilo. Katika mchezo wa safari na masimulizi, mchezaji haachi kukutana na prendre, donner, ouvrir, chercher, suivre, fuir, vendre na choisir, na pamoja navyo viungo kama si, avant, après, déjà, encore na jamais, ambavyo ndivyo vinavyozifunga sentensi zisitawanyike. Fauka ya hayo, maneno haya humjia mchezaji yakiwa na matokeo. Akiambiwa asifungue mlango kabla ya kumwona mzee wa kijiji, naye asielewe avant, mlango hautafunguka, atarudi nyuma, atasoma upya, atajaribu tena, hata maana ya neno imdhihirikie kwa haja yake mwenyewe. Darasani neno lisiloeleweka huvuta alama nyekundu, kisha somo likaendelea mbele; kwenye mchezo neno lisiloeleweka humsimamisha mtu papo hapo, na hiyo ndiyo sababu ya kubaki kwake akilini.

Sharti la haya yote ni kuchagua vyema. Kandanda ya simuni na mashindano ya magari, ambayo vijana huyapenda mno, huweza kuchezwa mwaka mzima kwa maneno machache kama mi-temps, but na recommencer, kwa kuwa jicho na kidole hutosha. Mwenye kutafuta lugha na atafute mchezo ambao asiyesoma hawezi kusonga mbele: wa masimulizi, wa mafumbo, au wa kuendesha shamba na biashara, tena uwe ule usiohitaji intaneti, ili fedha ya megabaiti isimzuie.

Ama kuhusu majina ya vitu, hapo ndipo ufakiri unapoonekana. Mathalan, Animal Crossing: Wild World, uliofika Ulaya mwaka 2006 ukiwa na Kifaransa ndani yake, humfunza mchezaji samani, wadudu, samaki na matunda, lakini miongoni mwa matunda yenyewe mna cerise, poire na pêche, ambayo aghalabu mtoto wa Bukama hayaoni sokoni. Na Bukama ni mji wenye vitu vyake. Reli kutoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika hapa mwaka 1918, ikakutana na mto Lualaba mahali ambapo vyombo huweza kuteremka hata Kongolo. Kwa hiyo wagon, guichet, quai, pirogue, pagaie, filet na nasse ni majina ya vitu vya maisha ya hapa kila siku, nayo hayamo katika mchezo uliotungwa Kyoto. Majina haya mwanafunzi hana budi kuyakusanya mwenyewe, kama walivyofanya wanafunzi wa Gougenheim, mlango baada ya mlango: mtoni, stesheni, sokoni, jikoni.

Dasturi tunayoipendekeza, basi, ni daftari lenye safu mbili. Safu ya kwanza iandikwe vitenzi na viungo vilivyotoka mchezoni. Ya pili majina yaliyotoka mjini, kila jina na un au une yake, kwa sababu jina la Kifaransa likihifadhiwa pasipo jinsia yake ni kazi ya kurudiwa. Kisha mwanafunzi aoanishe safu hizo kwa sentensi zake mwenyewe: avant d'ouvrir le guichet, après avoir jeté le filet. Kucheza kusizidi nusu saa, na kuandika kufuate papo hapo. Tena maneno yaangaliwe kesho yake, na baada ya siku tatu, na baada ya juma, kwa kuwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha tangu mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema, muda mchache baada ya kujifunza.

Upungufu mmoja umebaki ambao daftari haliuponyi, nao ni lafudhi. Ipo michezo michache iliyojaribu kuutibu: mchezo wa Dr Kawashima wa Nintendo DS, uliotolewa Ulaya mwaka 2006, ulimtaka mchezaji ataje rangi kwa sauti, na chombo kikamsikiliza. Lakini aghalabu michezo ya mkononi humwachia msomaji maneno asiyojua yatamkwe vipi, na Kifaransa ni lugha iandikayo herufi nyingi isizozisema. Dawa ya jambo hilo imo katika chombo kikongwe zaidi kuliko Game Boy, nacho ni redio. Na namna ya kuitumia pamoja na daftari hili la safu mbili ndiyo itakayokuwa maudhui ya sehemu ya tatu, inshallah.