Timu Inafungwa, Vijana Wanasifiwa: Hazina ya Vipaji Hupimwaje Kwenye Besiboli?

Mwaka 2010 timu ya besiboli ya Kansas City Royals, Marekani, ilicheza mechi 162 ikapoteza 95. Shabiki gani angetamba hapo? Lakini mwanzoni mwa 2011 jarida la Baseball America lilitoa orodha ya vijana 100 wanaotarajiwa zaidi kutoka timu zote 30 za ligi kuu, na 9 kati yao walikuwa wa Royals. Yaani timu iliyozoea kuchapwa ndiyo iliyosemekana kuwa na kesho nzuri kuliko wenzake.

Walijuaje? Na je, walipatia? Twende taratibu.

Hao vijana wako wapi?

Ukizoea soka, usifikirie timu moja ya vijana. Kila timu ya ligi kuu ya besiboli ina timu nne chini yake, moja kwa kila ngazi ya ligi ndogo: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Chini ya hizo kuna ligi za wanaoanza kabisa, huko Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika. Aliyejenga mtindo huu ni Branch Rickey akiwa na St. Louis Cardinals. Kwa kuwa timu yake haikuwa na pesa za kununua wachezaji walioiva, aliamua kuwalea mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo Wamarekani huuita mfumo huu "shamba".

Na shamba hili linataka subira. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akaingia ligi kuu Aprili 2017. Ndiye mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kufika huko, na safari ilimchukua miaka karibu tisa.

Usidanganyike na msimamo wa ligi

Kosa la kwanza ni kuangalia timu gani ya ligi ndogo inaongoza. Triple-A inaweza kushinda kila siku kwa sababu imejaa wanaume wa miaka 28 ambao hawatapanda tena. Swali la maana ni hili: mchezaji ana umri gani ukilinganisha na anaocheza nao? Kijana wa miaka 19 anayepiga vizuri kiasi tu Double-A anasisimua kuliko mwenye miaka 25 anayewatesa watoto Single-A.

Uwanja nao una mambo yake. Timu ya Albuquerque inacheza zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali, na takwimu za wapigaji zinanenepa. Kabla ya kumsifia mtu, lazima uondoe mchango wa hewa.

Kipimo cha 20 mpaka 80

Wasaka vipaji humpa kijana alama kwa kila kipaji: kugusa mpira kwa gongo, nguvu ya kupiga, mbio, ulinzi na mkono wa kurusha. Alama huanzia 20 mpaka 80. Kwa nini si 0 mpaka 100? Hapa sisi wa takwimu tunatabasamu. 50 ni wastani wa ligi kuu (si wastani wa vijana wenzake, angalia vizuri), na kila alama 10 kwa kanuni ni mkengeuko sanifu mmoja. Kama vipaji vinafuata mgawanyo wa kawaida, ule mchoro wa kengele, basi takriban 68% ya wachezaji wa ligi kuu wako kati ya 40 na 60, na wanaovuka 70 ni kama 2% tu.

Ndiyo maana huwezi kujumlisha alama kijuujuu. Vijana wawili wa 40 hawafanyi mmoja wa 80. Hawafanyi hata mmoja wa 60.

Sasa tupige hesabu

Thamani ya kijana ina sehemu mbili: atakuwa mzuri kiasi gani, na uwezekano wa kufika huko ni upi. Uzuri hupimwa kwa ushindi wa ziada, yaani mechi ngapi zaidi timu inashinda kwa kuwa naye badala ya mchezaji wa akiba anayepatikana kirahisi. Kinachohesabiwa zaidi ni miaka sita ya kwanza ya ligi kuu, kwa sababu kabla ya hapo mchezaji hawezi kuondoka kwa hiari yake, na miaka ya mwanzo analipwa kidogo.

Tuseme Timu A ina kijana mmoja wa maana: nafasi 50% ya kuleta ushindi 20 katika miaka hiyo sita, nafasi 50% ya kuleta sifuri. Timu B ina vijana kumi, kila mmoja ana nafasi 20% ya kuleta ushindi 4. Thamani tarajiwa ya A ni 0.5 × 20 = 10. Ya B ni 10 × 0.2 × 4 = 8. A iko juu, sivyo?

Subiri. Uwezekano wa A kutoka kapa ni 50%. Uwezekano wa vijana wote kumi wa B kufeli, kama kila mmoja anafeli kivyake, ni 0.8 kuzidishwa kwa yenyewe mara kumi, kama 11%. Kwa upande mwingine, nafasi uwanjani ni tisa tu, kwa hiyo ushindi 20 kutoka kwa mtu mmoja ni mtamu kuliko ushindi 20 uliotawanywa kwa watu watano. Kwa hiyo wachambuzi wawili makini wanaweza kupanga timu hizi tofauti bila yeyote kukosea hesabu.

Ongeza jambo la warushaji: kiwiko kikichanika, mwaka mzima au zaidi umekwenda. Shamba lenye warushaji watupu lina hatari kubwa kuliko orodha inavyoonyesha.

Halafu, timu ikishuka kwenye orodha, usikimbilie kulaumu. Mpigaji akipita zamu 130 za kupiga ligi kuu, au mrushaji akipita iningi 50, hahesabiwi tena kama kijana. Shamba linaweza kuonekana tupu kwa sababu mavuno yameingia ghalani.

Turudi kwa wale tisa

Eric Hosmer na Mike Moustakas wakawa nguzo za Royals. Danny Duffy akarusha ligi kuu kwa miaka. Wil Myers, Jake Odorizzi na Mike Montgomery waliuzwa Tampa Bay Desemba 2012, katika biashara iliyowaleta James Shields na Wade Davis. John Lamb aliumia kiwiko mwaka huohuo wa 2011. Chris Dwyer alionja ligi kuu mechi mbili tu. Christian Colon alibaki benchi karibu wakati wote.

Mwaka 2014 Royals wakafika fainali. Mwaka 2015 wakatwaa ubingwa. Mechi ya mwisho, iningi ya 12, aliyepiga mpira ulioleta uongozi ni Colon yuleyule, katika zamu yake ya kwanza ya kupiga kwenye mashindano yote ya mtoano mwaka ule. Na mchezaji bora wa fainali? Salvador Perez, ambaye hakuwamo kabisa kati ya wale tisa.

Kwa hiyo walipatia, ila kwa kundi. Kwa mtu mmojammoja, walibahatisha nusu na kukosa nusu. Huo si udhaifu wa kipimo. Ndivyo uwezekano unavyofanya kazi.

Ila usisahau kwamba hesabu hii imeandikwa kutoka upande wa timu. Timu ina vijana zaidi ya mia na inaweza kusubiri wachache wafaulu. Dwyer alikuwa na kiwiko kimoja, bega moja na ujana mmoja. Mpaka 2022, kima cha chini cha mchezaji wa Single-A kilikuwa takriban dola 11,000 kwa mwaka. Mkataba wa kwanza wa chama chao, mwaka 2023, ulikipandisha hadi dola 26,200. Nafasi ya 20% kwenye jedwali la timu ni namba nzuri kabisa. Kwa kijana mwenyewe, maana yake ni kwamba wanne kati ya watano kama yeye watarudi nyumbani, na hakuna wa kumwambia mapema kama naye yumo.