KOCHA ASIYEWAHI KUKIMBIA

Kila msimu wa michezo ukifika, wengi wetu husema ati shule yetu haiwezi kushinda kwa sababu hatuna kocha aliyesomea kazi hiyo. Mwalimu wa michezo ni mwalimu wa somo lingine tu, aliyekabidhiwa firimbi na mpira. Katika makala haya nataka kueleza habari za mtu mmoja aliyeanza hivyo hivyo, kisha dunia nzima ikamjua.

Mtu huyo ni Bradha Colm O'Connell. Alizaliwa Ireland mwaka 1948 na ni mtawa wa shirika la Patrician. Mwaka 1976 alifika Iten, mji mdogo ulio ukingoni mwa Bonde la Kerio, ili kufundisha Jiografia katika Shule ya Upili ya St. Patrick's. Hakuwa mwanariadha, wala hakuwa amesomea ukocha. Aliyesimamia riadha shuleni wakati huo alikuwa kijana Mwingereza, Peter Foster, nduguye Brendan Foster aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya mwaka huo huo. Bradha Colm akawa anamsaidia. Foster aliporudi kwao, kazi yote ikamwangukia mwalimu wa Jiografia.

Je, alifanyaje? Kuuliza si ujinga. Alijifunza kutoka kwa wavulana wenyewe: aliwatazama wakikimbia, akawauliza wanavyojisikia, akakumbuka kila mmoja na tabia yake. Hakukimbilia kuwachosha watoto ili wang'are leo na kuzimika kesho. Kwanza aliwafunza kusimama wima, kutupa mikono vizuri na kukanyaga kwa mpigo mmoja. Mbio za kasi zilikuja baadaye, polepole. Kwa hakika hiyo ni kazi ya ualimu hasa, yaani kumjua mwanafunzi wako.

Matunda yake si mchezo! Ibrahim Hussein, ambaye jina lake lingeweza kuwa la jirani yetu hapa Wajir, alisoma St. Patrick's. Mwaka 1987 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, na mwaka 1988 akawa wa kwanza kushinda ya Boston. Mwaka huo huo wa 1988, huko Seoul, Peter Rono alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 akiwa na umri wa miaka 21. Ilikuwa miaka 20 tangu Kipchoge Keino aipate huko Mexico. Mwaka 1992 Matthew Birir alishinda mbio za kuruka viunzi na maji mjini Barcelona.

Wasichana nao hawakuachwa nje. St. Patrick's ni shule ya wavulana, lakini Bradha Colm alianzisha kambi za mazoezi wakati wa likizo, na huko wasichana walikaribishwa. Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013, alipitia mikononi mwake.

Tazama pia mbio za mita 800. Wilson Kipketer, mwanafunzi wake wa zamani aliyeiwakilisha Denmark, aliweka rekodi ya dunia mwaka 1997. Ilidumu hadi 2010. Nani aliivunja? David Rudisha, kijana mwingine wa Bradha Colm! Rudisha alipoanza alikuwa akikimbia mita 400, na ni mwalimu huyu aliyemshauri ajaribu 800. Mnamo tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kumaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91.

Labda mtasema, "Iten kuna baridi na miinuko ya mita 2,400, na sisi Wajir hatufiki hata mita 300. Jua letu nalo!" Ni kweli. Tena wakimbiaji hodari walikuwako huko kabla yake. Lakini baridi haimfundishi mtu, na miinuko haikumbuki jina la mwanafunzi. Nionavyo mimi, siri kubwa ni kwamba mwalimu huyu alikaa. Aliwaona wa Kidato cha Kwanza wakiwa mabingwa, na alikuwa bado yuko Iten zaidi ya miaka 40 baadaye.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi. Mwaka 2018, na tena mwaka 2020, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Kaskazini Mashariki baada ya wenzao kuuawa katika mashambulizi. Hatuwezi kuwalaumu, maana uhai hauna badala. Lakini walipoondoka, masomo yalikosa walimu, na michezo ikakosa wa kuisimamia.

Basi nawaomba walimu mlio nasi: msiseme hamkusomea ukocha. Nanyi wenzangu wa hapa hapa, mkimaliza chuo rudini mfundishe nyumbani. Mgeni alitoka Ireland akakaa Iten. Mwenyeji ashindwe kukaa Wajir? Haba na haba hujaza kibaba. Shime!