Sura ya Sita: Kuisoma Bili ya Jino

Mgonjwa huingia kliniki akijua atalipia jino moja, akafika dirisha la malipo akakuta mistari mitano: kumwona daktari, eksirei, ganzi, kutibu mzizi, kuziba. Huenda hakuna aliyemdhulumu. Jino moja lina kazi nyingi, na kila kazi ina bei yake.

Tazama matibabu ya mzizi. Jino la mbele kwa kawaida lina mzizi mmoja. Gego la chini lina mizizi miwili na mara nyingi mifereji mitatu, na kila mfereji husafishwa na kuzibwa peke yake. Eksirei hupigwa zaidi ya mara moja. Kazi ikiisha, gego lililodhoofika huhitaji kuvikwa kofia, ambayo hutengenezwa maabara na kutozwa kando. Bei uliyotajiwa mwanzoni pengine haikuihesabu. Bima nazo huweka kikomo cha matibabu ya meno kwa mwaka, na baadhi hazilipii kofia kabisa.

Jumla ikikushtua, omba mchanganuo wa kila huduma, kisha angalia namba za meno. Tarakimu ya kwanza hutaja robo ya kinywa: 1 ni juu kulia kwako, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati. Basi 36 ni jino la sita chini kushoto, yaani gego la kwanza. Ukikuta 46 ilhali ulitibiwa kushoto, au jino moja limeandikiwa kuzibwa mara mbili siku hiyo hiyo, uliza kabla ya kulipa.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa njia za matibabu zilizopo pamoja na faida, hatari na gharama zake. Aliyetozwa kazi ambayo haikufanyika, na kliniki ikakataa kumsikiliza, anaweza kulalamika kwa KMPDC, baraza linalosimamia madaktari wa meno.

Lakini wakati mzuri wa kuuliza ni kabla ya sindano ya ganzi. Omba makadirio kwa maandishi: jino lipi, kazi zipi, utarudi mara ngapi, kofia imo au haimo, bima italipa kiasi gani. Daktari akigundua jambo jipya katikati ya kazi, mwombe akutajie bei kabla hajaendelea. Usione haya kuuliza. Ni haki yako kujua unacholipia.